Kichupa cha pili: barua ya wazi kwa wakuu wetu wa afya kuhusu TB ya kongosho

Waheshimiwa mawaziri wa afya popote mlipo, wakurugenzi wa hospitali, wakuu wa idara za upasuaji na endoskopi, na nyie wenzetu wa programu za kifua kikuu,

Shikamooni. Najitambulisha kwanza mjue nani anawasumbua. Mimi ni mtu wa maabara, sio daktari bingwa wala profesa, kazi yangu miaka yote hii ni kupokea vichupa, kusoma lebo, kufungua na kuhangaika na kilichomo. Wagonjwa hawanijui sura na mimi sura zao sizijui, najua nyama zao tu. Leo naandika kuhusu kichupa kimoja kidogo cha plastiki ambacho mara nyingi hakiletwi kabisa, na kwa kutoletwa kwake kuna watu wanapasuliwa matumbo bure.

Ilianza na ndoo. Sijakosea kuandika, ndoo. Ile operesheni kubwa ya kongosho, ya Whipple, inaondoa kichwa cha kongosho, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, kifuko cha nyongo na kipande cha mrija wa nyongo, mara nyingine na kipande cha mfuko wa tumbo juu yake, vyote vinatoka pamoja, sasa mzigo kama huo haukai kwenye kichupa. Ikaletwa mchana imejaa fomalini, ile dawa ya kuhifadhia tishu isioze, fomu imeandikwa saratani ya kichwa cha kongosho, mgonjwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Tukakata, tukaandaa slaidi, dokta wetu wa patholojia akakaa kwenye hadubini muda mrefu kuliko kawaida yake, mwisho akasogeza kiti akaniambia njoo uone. Saratani hamna popote. Kulikuwa na granuloma, yaani seli za kinga zimejikusanya duara kama watu waliozunguka ajali barabarani, na katikati ya duara pamekufa pamelainika mfano wa jibini. Tukapaka rangi ya Ziehl-Neelsen, inayowafanya vimelea vya TB waonekane wekundu, tukatafuta weee, tukapata vijiti vyekundu viwili vitatu kwenye uwanja mzima wa bluu. TB. Dada wa watu kapoteza kichwa cha kongosho kwa ugonjwa unaotibiwa kwa vidonge.

Nikarudi kwenye rekodi kuangalia kama kabla ya upasuaji kuna sampuli yake ilishawahi kupita kwetu. Ilipita, tena mara mbili. Zote mbili zilikuja kwenye fomalini, zote mbili jibu lilikuwa "hakuna seli za saratani zilizoonekana", na baada ya sentensi hiyo hakuna aliyeuliza swali la pili. Kama sio saratani, ni nini? Kimya. Na saini ya kupokea sampuli zote mbili ni yangu, kwa hiyo kwenye hili sijitoi.

Hospitali sitaitaja na msinitafutie, maana nimeongea na wenzangu wa maabara za kwingine na kila mmoja ana ndoo yake.

Sasa niwe mkweli, siwalaumu madaktari kwa kuwaza saratani. Huu ugonjwa ni mwigizaji. Mtu anaumwa tumbo la juu, anakonda, hamu ya kula imekata, macho yamekuwa ya njano kwa sababu uvimbe umebana mrija wa nyongo, CT skani inaonyesha uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, hapo hata mimi ningesema saratani. Kile kipimo cha damu cha CA 19-9, kinachotumika kwa saratani ya kongosho, ambacho watu wanakishika kama hukumu ya mahakama kinaweza kupanda kwenye TB pia, kwa sababu kinapanda mrija wa nyongo ukiziba kwa sababu yoyote ile. Eksirei ya kifua inaweza kutoka safi, mtu hakohoi, makohozi ya kupima hana, sasa nani atamfikiria kifua kikuu mtu ambaye kifua chake kizima? Kipimo cha ngozi nacho kikiwa hasi hakimsafishi, kikiwa chanya hakithibitishi kwamba TB ndo imekaa kwenye kongosho. Yaani kila mlango unaogonga hauna jibu isipokuwa mmoja, tishu yenyewe.

Na kila tukiinua mkono tunaambiwa hiyo TB ya kongosho ni adimu. Ni kweli ni adimu, sibishi. Kongosho linatengeneza vimeng'enya vikali vya kusaga chakula na inadhaniwa ndo vinavyowafanyia vimelea vya TB maisha magumu pale. Mwaka 1944 daktari Oscar Auerbach aliandika kuhusu maiti 1656 za watu waliokuwa na TB, kongosho lilikuwa limeshikwa kwa 14 tu. Hiyo namba naijua kwa kichwa kwa sababu nimesomewa mara nyingi kwenye vikao. Lakini jamani hiyo ni kabla ya VVU, kabla ya CT skani, kabla hatujawa na sindano ya kufika kwenye kongosho la mtu aliye hai. Shirika la Afya Duniani linakadiria mwaka 2023 peke yake watu milioni 10.8 waliugua TB na milioni 1.25 wakafa, na katika wagonjwa wanaoripotiwa kama asilimia 16 hivi TB yao iko nje ya mapafu. Ukimega hata kipande kidogo kwenye idadi hiyo bado unabaki na watu wengi tu, wengine wadogo kiumri kuliko mgonjwa wa kawaida wa saratani ya kongosho. Halafu tutajuaje ni adimu kiasi gani wakati vimelea tunaviua kabla sampuli haijafika maabara?

Hapo kwenye kuua ndo nataka tukae kidogo.

Sina ugomvi na fomalini. Inaishika tishu ibaki kama ilivyokuwa mwilini, bila hiyo patholojia hamna. Ila inachoifanyia seli ya mgonjwa ndo hichohicho inamfanyia kimelea, inamuua. Kimelea mfu haoti, hata umweke kwenye chombo cha kuoteshea siku zote 42, hata umwombee dua. Vinasaba vyake navyo vinakatikakatika, kwa hiyo mashine za kusoma vinasaba nazo zinasuasua. Sio kwamba hupati kitu kabisa, unaweza kupaka rangi slaidi ukabahatika kama sisi na ile ndoo, lakini ni bahati. Kwenye makohozi tu hadubini inataka vimelea kama 5000 mpaka 10000 ndani ya mililita moja ndo uwaone, na TB ya nje ya mapafu inajulikana kwa kuwa na vimelea wachache. Unatafuta watu watatu kwenye uwanja wa mpira usiku, na taa umezima mwenyewe.

Kichupa cha pili ninachokiongelea kina salaini tu, maji ya chumvi safi yasiyo na vijidudu, mililita chache za kuifanya tishu isikauke. Basi, hamna kingine. Kifike maabara mapema, kikichelewa kikae kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8, kisigandishwe.

Niwape picha ya jinsi inavyokuwa kule chumbani, kwa wale wakubwa ambao hamjaingia endoskopi siku nyingi. Mpira mrefu wenye kamera na ultrasaundi kwenye ncha unashushwa kwa mdomo mpaka tumboni au mwanzo wa utumbo mwembamba, kongosho liko nyuma ya ukuta palepale, daktari anauona uvimbe kwenye skrini, anachoma sindano kupita ukutani mpaka ndani yake. Sindano ya geji 22 haifiki milimita moja unene. Anarudisha, anasukuma kwa waya, kinatoka kitu chembamba kama uzi wa kushonea, chekundu na cheupe, kinadondoka kwenye fomalini. Anarudi tena, na tena, na vyote vinaishia kwenye kichupa kilekile. Ninachoomba ni mchomo mmoja tu udondoke kwenye kichupa cha pembeni. Mgonjwa kashalala, sindano iko mkononi, ni mkono kwenda kushoto badala ya kulia.

Nimeshaona ikifanya kazi kwa macho yangu. Baada ya ile ndoo nilianza kuzunguka na vichupa vyangu kama mchuuzi, wengi wakanicheka, nesi mmoja wa endoskopi akavipokea. Siku moja akanipigia, "Kaka, tuna uvimbe wa kongosho mezani, dokta anasema pembeni kuna matezi yamefanya weusi katikati kwenye picha, ile salaini yako inafaa?" Nikamwambia dada usiniulize, weka, nakuja. Nikakimbia nikaichukua mwenyewe. Kijana alikuwa amepangiwa kuonana na watu wa upasuaji wiki hiyohiyo, familia ilishaambiwa saratani, ana homa za jioni na jasho la usiku miezi mitatu na yote hayo yaliandikwa kwenye faili ukurasa wa kwanza ila hakuna aliyeyaunganisha. Na CT skani yake ilikuwa na kitu cha kushtua, uvimbe umekaa kichwani kwa kongosho lakini mrija mkuu wa kongosho haujatanuka, saratani ya pale mara nyingi inauziba ukatanuka. Tukasaga ile tishu, tukaiweka kwenye GeneXpert, ileile mashine ya makohozi ambayo WHO iliipitisha Desemba 2010. Haikumaliza saa mbili. MTB, yaani kimelea cha TB, imeonekana, usugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za TB, haujaonekana. Nilipiga simu nikiwa nimesimama.

Akawekewa stenti, kijimrija cha kufungua njia, nyongo ipite, macho yakarudi, wakaangalia ini likiwa sawa akaanza dawa nne miezi miwili kisha dawa mbili miezi minne. Ile sehemu tuliyootesha ikaota wiki ya nne, unajua hawa wadudu wanagawanyika mara moja kwa saa 15 mpaka 20 hivi, hawana haraka na mtu. Picha ya mwisho wa matibabu nilionyeshwa, pale kichwani kwa kongosho hakukuwa na uvimbe tena. Hajakatwa hata kidogo.

Kuna watu wakisoma hapa watasema basi tusihangaike na vichupa, kila uvimbe wa kongosho tuanze dawa za TB tuone. Hapana, tena hapana kubwa. Saratani ya kongosho haisubiri mtu, miezi miwili ya kujaribu dawa isiyo yake inaweza kufunga dirisha la upasuaji. Na dawa za TB zenyewe zinaligusa ini, sasa mtu ana macho ya njano tayari unampa kwa kubahatisha, ikizidi utajuaje ni uvimbe au ni dawa? Upande wa pili kuna lile kosa lingine baya, mtu anadhaniwa ana ugonjwa wa kinga kushambulia kongosho, ambao nao unaleta uvimbe wa kufanana, anapewa steroidi, dawa za kupunguza nguvu ya kinga, na kama kumbe ilikuwa TB hapo umeifungulia geti. Na antibayotiki za kundi la siprofloksasini na levofloksasini zinazotolewa kwa homa ya tumbo isiyoeleweka zinaipunguza TB kidogo, homa inashuka, watu wanashangilia, wiki kadhaa baadaye mtu anarudi amekonda zaidi na vimelea wamekuwa wagumu kupatikana. Kwa hiyo sio kwamba nataka TB ishinde saratani. Nataka tujue ni ipi kabla mtu hajameza au hajakatwa, na kwa upande wa TB mashine inatujibu siku hiyohiyo.

Ikijibu hasi je? Hasi haimalizi habari, hilo naomba liandikwe kwa herufi kubwa kwenye miongozo yenu kwa sababu nimeona watu wakifunga faili kwa jibu moja hasi la GeneXpert. Vimelea ni wachache, mchomo unaweza kupita pembeni ya sehemu yenye ugonjwa. Ndo maana nusu ya kichupa inaoteshwa na fomalini inaendelea na kazi yake ya kutafuta granuloma, tunaweka majibu yote mezani pamoja na homa na jasho na historia ya nani nyumbani alishaugua TB. Hapo ndo daktari anaamua, sio mimi.

Halafu jamani sio lazima kila mara tuende mpaka kwenye kongosho. Wapo wagonjwa ambao shingoni wana tezi limevimba unaligusa kwa kidole, au tumbo limejaa maji, na sisi tunampanga foleni ya endoskopi wiki sita kwa hospitali ambayo hata hiyo mashine ya ultrasaundi ya ndani haina. Chukua hilo tezi! Ni sindano ya dakika tano. Na mwenye VVU aliyeumwa hivi kuna kipimo cha mkojo cha TB, hakisemi kongosho lakini kinasema TB ipo mwilini, na hicho kinatosha kumfanya mtu wa upasuaji aweke kisu chini kwanza.

Nakuja kwenye mnachoweza kufanya, kila mtu na meza yake.

Wakurugenzi, badilisheni fomu ya kuombea vipimo vya tishu. Fomu nyingi nilizoziona zina nafasi ya kuandika "saratani?" na hazina kiboksi cha TB. Daktari aliyechoka saa kumi jioni anajaza kilichopo. Mkiweka kiboksi kinachosema "TB: kichupa cha salaini kimeambatanishwa, ndiyo au hapana" atalazimika kuwaza kwa sekunde mbili, na sekunde mbili hizo ndo naomba. Vichupa viwekwe kwenye trei ya endoskopi na ya thieta kabla mgonjwa hajaingia, visiwe vya kuagizwa, maana cha kuagizwa mnajua wenyewe kinavyokuwa.

Wakuu wa upasuaji, nyie sina ubavu wa kuwafundisha kazi. Naomba moja, ripoti ikisema hakuna seli za saratani na bado mnataka kufungua tumbo, kabla ya hapo mumwite mtu wa TB kwenye kile kikao chenu cha kujadili uvimbe, akae, aulize maswali yake ya kijinga. Hasa mgonjwa akiwa kijana, au ana VVU, au aliwahi kukaa na mgonjwa wa TB, au picha ina matezi yenye katikati iliyooza. Na mkiwa tumboni tayari mkaona hali sio mliyoitarajia, kateni kipande kidogo mkiweke kwenye salaini pale thieta, msisubiri ndoo ifike kwangu.

Watu wa patholojia, nyie ni wenzangu kwa hiyo nawapiga kidogo. "Hakuna seli za saratani" sio jibu, ni nusu ya jibu. Mkiona granuloma msiiandike mstari wa nne kwenye maelezo ya hadubini ambako hakuna anayesoma, pigeni simu. Na mkikosa tishu ya kutosha andikeni wazi kwamba mkirudia leteni vichupa viwili.

Na programu za kifua kikuu, nyie ndo mmenishangaza zaidi. Mna mashine, mna vituo, mna watu wa kusafirisha makohozi kwa pikipiki mvua ikinyesha, lakini ukiwaletea tishu ya kongosho mnauliza makohozi yako wapi. Mwenzangu mmoja alirudishiwa sampuli kwa sababu "sio ya kifua". Mafundi wa maabara wafundishwe kusaga na kuandaa tishu, na kwenye rejesta "nje ya mapafu" isibaki neno la jumla, muandike kiungo gani. Miaka mitano mkiandika hivyo ile namba ya mwaka 1944 itapata mwenzake wa kujibizana naye.

Mawaziri, kwenu ni fupi. Mwongozo wenu wa TB ya nje ya mapafu ukiwa na ukurasa wa matezi, wa uti wa mgongo na wa utando wa ubongo, ongezeni aya moja ya kongosho. Hiyo aya nimeshaiandika, ina mistari saba.

Kwenye friji ya maabara yetu, rafu ya chini, kuna boksi nimeandika kwa maka peni KONGOSHO – TB. Ndani kuna vichupa 20 vya salaini, kila kimoja na lebo ya tarehe ya kwisha. Kila mwezi napeleka endoskopi na thieta, na kila mwezi vingi vinarudi havijafunguliwa, vilivyopitwa na tarehe namwaga najaza vingine. Mwezi uliopita vilirudi 17. Vya sasa hivi vinaisha tarehe 30.

Wenu,
mtu wa maabara